Shangazi, ni bure kweli?

Barua za mwezi huu zimefuatana kama wageni wa arusi, na karibu zote zimetoka Chicago zikiuliza jambo moja: hii miziki na sinema za bustanini wakati wa joto. Kwa kuwa mji huu nimeukalia miaka mingi kuliko Tanga nilikozaliwa, nimeweka pembeni barua za mawifi na madeni. Hizo tutazirudia.

Shikamoo Shangazi. Nafanya usafi hotelini katikati ya mji. Juni iliyopita nikitoka kazini nilisikia muziki mkubwa Millennium Park, nikaufuata. Nikakuta walinzi wanapekua mikoba, na ndani watu wamekaa kwenye viti kwa safu. Nikaona haya kuuliza bei, nikageuka. Mwenzangu kazini anasema ni bure. Bure gani ina walinzi?
Mwenye Mashaka, Uptown

Marahaba mwanangu. Ni bure. Walinzi wale wanatafuta silaha, tiketi hawana haja nayo. Unafungua mkoba, wanachungulia, unapita. Hakuna anayeandika jina lako wala anayekuuliza karatasi ya aina yoyote.

Nisikucheke, maana nami nilifanya hivyo hivyo, tena si jioni moja, ni msimu mzima. Nilikuwa nasimama ng'ambo ya Michigan Avenue nikisikiliza vinanda vikikatizwa na mabasi. Nilijua cha bure kina mwenyewe. Nilipokuwa mdogo gari la sinema lilikuwa linakuja uwanja wa mpira, linatundikwa shuka jeupe, tunakaa mchangani, na pale pale jambazi anapomnyemelea yule msichana picha inakatwa, anapanda bwana mmoja na kipaza sauti kutuuzia sabuni. Kwa hiyo Chicago nzima nilikuwa nasubiri sabuni.

Aliyeniingiza ni bibi mmoja niliyekuwa namtunza nyumbani kwake, miaka themanini na ushei, hatembei. Jumatano moja akaniambia nimpeleke kwenye okestra. Tulipofika kwa walinzi nikaanza kupapasa pochi. Akageuza shingo kwenye kiti chake cha magurudumu akaniambia neno moja: "Sukuma." Nikasukuma.

Sabuni yenyewe nimeitafuta mpaka nikaijua. Maonyesho haya ya okestra, Grant Park Music Festival, yalianza mwaka 1935 katika bustani ya jirani ya Grant Park, uchumi wa Marekani umeanguka na watu wanapanga foleni ya supu. Wanamuziki walikuwa na msiba juu ya msiba. Kabla yake sinema zilikuwa bubu, na majumba ya sinema yaliajiri wapiga ala wa kuzisindikiza. Filamu zilipoanza kusema zenyewe, wapiga ala wakaambiwa kwaherini. Kiongozi wa chama chao hapa Chicago, James Petrillo, akapigania waajiriwe bustanini: wapigaji walipwe, wasikilizaji waingie bure. Mpaka leo zinachangia fedha za umma na za wafadhili. Wewe unayetandika vitanda hotelini unakatwa kodi kwenye kila mshahara, na nyingine unaiacha dukani kila ununuapo sabuni, ya kweli hiyo. Umeshalipia. Ingia.

Okestra huanza katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti. Jumatano na Ijumaa ni saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumamosi saa moja na nusu. Viti viko kama 4,000, na nyuma yake uwanja wa nyasi wa watu 7,000. Safu za mbele nyingine wametengewa waliochangia, kwa hiyo mtu akikuuliza kadi usidhani umefukuzwa, rudi safu chache nyuma ukae. Angalia tu wiki ya tamasha la muziki la Lollapalooza, mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti. Hiyo ina viingilio vya kuumiza, na mtaa mzima haupitiki.

Shangazi, mimi natoka kazini Evanston saa kumi na mbili. Mpaka nifike viti vimejaa. Kuna maana ya kukaa nyasi za nyuma kabisa, au nitaambulia mwangwi?
Mchelewaji

Nyasi za nyuma ndiko kwangu, tutaonana. Panda treni ya Purple Line mpaka Howard, hamia Red Line, shuka Lake au Monroe, tembea kuelekea ziwani. Usithubutu kuja na gari. Muziki wa bure utaumalizia kwenye maegesho.

Ukishakaa inua macho. Juu ya nyasi pamepita mabomba ya chuma yaliyopindwa, yamekatizana toka jukwaani mpaka mwisho wa uwanja, kama mmefunikwa tenga. Frank Gehry, aliyesanifu jukwaa, hakuyaweka kwa urembo tu. Yamebeba spika. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ya jukwaani inakufikia wewe wa nyuma imechelewa, ilhali ya spika iliyo juu ya kichwa chako ingekufikia mara moja. Ungesikia kila kitu mara mbili, kama adhana za misikiti miwili ya jirani zinazopishana. Basi mafundi wanaichelewesha ya spika kwa makusudi, kidogo kidogo kadiri unavyorudi nyuma, ili zote mbili zikufikie pamoja. Ndiyo maana ukifumba macho unaona okestra iko mbele yako, wala haining'inii juu yako.

Tena nyasi zenyewe ni paa. Bustani hii ya Millennium Park ilifunguliwa mwaka 2004 juu ya reli na maegesho ya magari. Nimewahi kulaza sikio nisikie treni. Sikusikia kitu, ila nyasi ziliingia sikioni.

Khanga peke yake isikudanganye. Nyasi zina unyevu hata kama hakujanyesha, na ukisimama una ramani nyuma. Chini mkeka wa plastiki, juu blanketi. Beba sweta, hata kama mchana ulikuwa unatokwa jasho kwenye kope, maana upepo wa Ziwa Michigan haujui kwamba ni Julai. Chakula cha kwako kinaruhusiwa, jiko la mkaa hapana. Mimi huja na chapati zilizokunjwa na maharage makavu ya nazi, vitu visivyomwagika. Zamani nilikuja na pilau kwenye sufuria. Radi ikapiga, walinzi wakatuondoa wote uwanjani, na katika kukimbia sufuria nikaisahau. Wakikuambia ondoka, ondoka, usijifiche chini ya mti wala chini ya yale machuma. Sufuria zinauzwa.

Jambo Mama. Sisi tulikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, tunakaa West Ridge. Nina watoto watatu, miaka 4, 7 na 11. Tuliona tangazo la filamu ya bure kwenye bustani ya jirani. Tukafika saa moja, hakuna kitu, watu wamekaa tu. Saa mbili jua bado linawaka, mdogo analia, tukarudi. Walitudanganya?
Mama Watatu

Jambo mama, poleni sana. Hamkudanganywa na mtu, mmedanganywa na jua.

Filamu za bustani za mitaani huanza giza linapoingia, kwa sababu turubai lao ni la kujazwa hewa na picha inarushwa na projekta, haionekani mchana. Na giza la hapa halina adabu. Kigoma au Tanga jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, ndiyo maana saa zetu tunazihesabu kwa jua na hazitugombanishi. Hapa mwisho wa Juni linazama saa mbili na nusu usiku, na hilo neno usiku hapo nimeliweka kwa heshima tu. Mpaka giza likolee ni saa tatu. Filamu ikichukua saa moja na nusu, unarudi nyumbani karibu na saa tano ukiwa na mmoja mgongoni na mmoja anaburutwa.

Kwa hiyo Juni na Julai zipishe. Subiri nusu ya pili ya Agosti: kufikia mwisho wa mwezi huo jua linazama kama saa moja na nusu, na filamu za bustani huwa bado zinaendelea. Siku hiyo walaze mchana hata kwa kuwatisha. Wapake dawa ya mbu, maana mbu wa Illinois hawana malaria lakini wana njaa. Bisi zikaange nyumbani.

Kama hamwezi kusubiri Agosti, Millennium Park nako huonyesha filamu, kwa kawaida Jumanne. Kule jukwaani wanaweka skrini inayowaka yenyewe kama televisheni, kwa hiyo wanaanza jua likiwa bado juu na mnarudi mapema. Mdogo hatalipa nauli, CTA, wenye mabasi na treni za mji, hawamtozi aliye chini ya miaka saba akiwa na mtu mzima anayelipa. Wale wawili watalipa nauli ya mtoto.

Uliuliza pia mwisho wa barua kama utaelewa Kiingereza cha filamu. Watoto wataelewa, wewe utaelezwa. Nenda hivyo hivyo.

Shangazi, nimeaibika. Mimi mtu wa taarab tangu utotoni. Nilikwenda kusikiliza okestra, wakapiga vizuri mno, wakanyamaza, nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Peke yangu. Mzee wa mbele akageuka akanitazama kama nimevunja sahani. Kosa langu nini?
Mshabiki, Rogers Park

Kosa lako ni ukarimu, kaka, na hilo usiliache.

Muziki wao ule mkubwa hujengwa kama nyumba ya vyumba vitatu au vinne. Kimoja cha mbio, kimoja cha taratibu cha kukumbuka waliokufa, kimoja cha kuchezesha mabega, halafu cha mwisho cha kelele. Kati ya chumba na chumba okestra inanyamaza, watu wanakohoa, mwenye kugeuza karatasi anageuza. Desturi yao ni kwamba hapo hapapigwi makofi, unasubiri nyumba nzima iishe. Ukitaka kujua imeisha, usiangalie wapigaji, angalia mikono ya kiongozi. Mikono ikiwa hewani, zuia yako. Ikishuka akageuka kwenu, piga mpaka ziwake.

Mimi desturi hii naiheshimu lakini siipendi. Kwetu mwimbaji akikugusa humwachi mpaka amalize. Unainuka beti la pili, unakwenda kwa mwendo wa madaha mpaka mbele, unamtunza noti yako, unarudi ukitazamwa, na aliyekusudiwa na wimbo ule anajua kwamba ujumbe umefika. Muziki unaendelea kwa sababu umeitikiwa. Hawa wanaona muziki ni mtu anayezungumza, ukimkatiza umemkosea. Sisi tunaona ukimnyamazia ndio umemkosea. Siwezi kuwapatanisha. Nilichoona ni kwamba kwenye nyasi, tofauti na vitini, watu wengi hawajui vyumba ni vingapi, na makofi huponyoka kila mara, hata ya Wamarekani waliozaliwa mtaa wa pili. Kaa nyuma na sisi. Yule mzee mwache na shingo yake.

Ila ombi moja: usiende jukwaani kumtunza mpiga fidla dola tano. Nakujua, umeshawaza.

Assalamu alaykum Shangazi. Mume wangu anakataa twende kwa sababu mbili: Maghrib itatupita, na majirani wa kwenye nyasi wanafungua mvinyo. Tufanyeje?
Umm wa Devon

Waalaykum salaam. La mvinyo ni kweli, jioni za okestra watu huja na chupa zao. Wanakunywa polepole na wana adabu kuliko vilabu vya pombe nilivyopita nikienda shule. Tandika mkeka karibu na familia zenye watoto.

La Maghrib ni jepesi. Ukienda Jumatano au Ijumaa mwishoni mwa Juni, okestra huwa imekwisha au inakwisha jua likizama. Jumamosi ndiyo itawakatia katikati. Mimi hujitenga upande wa Lurie Garden, bustani ya maua iliyo kusini mwa nyasi. Kibla hapa ni kaskazini mashariki, kwa hiyo elekea ziwani kisha kata kushoto. Hakuna aliyewahi kunibughudhi, ila siku moja nikiwa kwenye sijda mtoto mmoja alikuja kuniuliza nimepoteza nini anisaidie kutafuta.

Shangazi mpendwa, mimi ni baba wa Lubumbashi. Hiyo mambo ya kukaa kwenye nyasi na kunyamaza si yetu. Rumba haisikilizwi umekaa. Mji huu hauna bure ya kucheza?
Papa Rumba

Papa, ipo. Inaitwa SummerDance, ipo tangu 1997, Grant Park kwenye bustani iitwayo Spirit of Music Garden, mwendo mfupi kusini mwa Millennium Park. Wameweka sakafu ya kuchezea nje kabisa. Saa ya kwanza mwalimu anafundisha hatua, halafu bendi inapanda na kila mtu anajitetea. Aina ya muziki inabadilika kila siku. Tafuta siku ya salsa. Najua utaniambia si rumba, lakini wewe mwenyewe unajua santuri za Kuba zilizoingia Kongo kabla ya uhuru zilivyozaa gitaa lenu. Utafika pale mwalimu akianza kuhesabu moja, mbili, tatu, na kiuno chako kitakuwa kimeshamtangulia. Tafadhali usimsahihishe mbele ya watu.

Kama ni kusimama na kutikisa kichwa, Juni kuna Chicago Blues Festival, ilianza 1984, mwaka mmoja baada ya gwiji wa blues Muddy Waters kufariki. Jazz Festival ni wikendi ya Labor Day, mwanzo wa Septemba. Zote bure. Na Septemba hiyo hiyo kuna World Music Festival, ambako ukiwa na bahati utasikia gitaa la Afrika. Mimi kwenye blues huenda Jumapili, maana Jumamosi watu ni wengi hata mkeka unageuka leso.

Shangazi shikamoo. Nalinda ghala usiku, siku sita kwa wiki. Naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi. Kila mnachokitaja ni cha jioni. Sisi popo tumekosa nini?
Popo

Marahaba popo. Barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu nilikuwa popo mwenzio miaka minne, nikikesha na wagonjwa.

Okestra ile inafanya mazoezi mchana, jukwaa lile lile, siku za kazi, na wakati huo bustani haifungwi. Unaingia, unakaa kiti chochote, hata safu ya mbele ambayo jioni ingekukataa. Wapigaji wamevaa kaptura na kofia za jua. Wanaanza, kiongozi anagonga, wananyamaza, anasema maneno mawili kwa watu wa tarumbeta, wanarudia pale pale. Tena. Tena. Jioni ungesikia mara moja na ingepita. Mchana unasikia kipande kimoja kikivuliwa nguo na kuvishwa upya mara sita, mpaka unakijua kuliko wenye kadi. Kuna sehemu moja ya filimbi niliyoisikia ikikosewa Jumanne nzima, Jumatano ikakosewa kidogo, na Ijumaa nikiwa kazini nikaangalia saa nikajua sasa hivi anaipiga, nikamwombea.

Siku ya kwanza nililala. Nilitoka zamu, nikanunua kahawa, nikakaa, wakaanza ile ya taratibu, basi. Nikaamshwa na mtu wa usafi akisema wameondoka kwenda kula. Usione aibu, hawakasiriki. Weka mkoba tumboni, vua viatu, na kofia usoni kwa sababu kufikia saa sita jua la viti vile linachoma kweli kweli.